Timu Niliyoachiwa

Wiki ya 29 ya msimu wa 2023/24, timu ya rafiki yangu ilipata pointi 7. Yangu ilipata 54. Zote mbili nilikuwa nazo mimi, kwenye simu moja, na zote mbili nilizifungua mchana mmoja wa Jumamosi, Machi 16, nikiwa nimekaa nje ya kibanda umiza kimoja karibu na stendi ya Bariadi, nasubiri chai.

Nimeanza na namba kwa sababu ndizo pekee ambazo hazijabadilika kila nilipojaribu kusimulia jambo hili. Mengine, nimegundua, huwa nayasimulia tofauti kutegemea nani ananisikiliza.

Kwa ambao hawajawahi kuugua ugonjwa huu: Fantasy Premier League, ambayo sisi tunaiita fantasi tu, ni mchezo wa bure wa kwenye intaneti ulioanza msimu wa 2002/03. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Wanachofanya uwanjani kwa kweli kinageuka pointi zako. Mshambuliaji akifunga ni 4, kiungo 5, beki 6. Kapteni wako anahesabiwa mara mbili. Kila wiki unabadilisha mchezaji mmoja bure, wa ziada anakukata pointi 4. Mlango unafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, na ukishafungwa hata ulie damu haufunguliwi. Wiki ni 38. Ndani ya bahari hiyo ya mamilioni ya watu, marafiki wanaweza kujitengenezea ligi yao ndogo, wakawa wanachekana wenyewe kwa wenyewe.

Ligi yetu ina watu 12, wengi tuliosoma wote sekondari. Kuna dereva bodaboda, kuna mwalimu wa Itilima, kuna karani wa chama cha ushirika anayeshika mizani ya pamba ikifika msimu, kuna muuguzi wa Maswa ambaye ndiye mweka hazina kwa sababu ni yeye peke yake hajawahi kuweka mkeka maishani. Kila mmoja anatoa shilingi 20,000 mwezi Agosti. Wa kwanza anachukua 150,000, wa pili 60,000, na 30,000 inayobaki ni soda na nyama ya siku ya kukabidhiana. Hakuna anayetajirika. Dereva bodaboda hutumia bando la zaidi ya hela hiyo kufuatilia nani kaumia goti huko Manchester.

Najua kuna msomaji ameshasema moyoni: si mchezo tu? Mtu aliyekulia Usukumani hawezi kusema hivyo bila kujicheka. Babu zetu waligawanyika Wagika na Wagalu kwa sababu ya ngoma, wafuasi wa Ngika huku, wafuasi wa Gumha kule, na mgawanyiko huo umeanza karne ya kumi na tisa na haujaisha. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, umati unahama kwenda kwa anayewavutia zaidi, na aliyebaki anacheza na vumbi ameshindwa. Kwa ajili ya hilo watu walitafuta dawa, walikesha, walinuniana miaka. Babu yangu alikuwa Mgalu na mpaka anakufa kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha pili ambaye alimsalimia kwa kichwa tu, kwa sababu ya ngoma moja ya zamani ambayo sisi wajukuu hatukuwahi kuelezwa vizuri. Kwetu mchezo haujawahi kuwa sehemu ambayo mtu anapumzika kuwa mtu.

Sasa rafiki yangu. Nitamwita Fundi, kwa kuwa anatengeneza pikipiki na kwa kuwa nusu ya mji inamwita hivyo. Fundi ni bora kuliko mimi kwenye fantasi, na hili nalisema bila unyenyekevu wa uongo. Mimi nasoma takwimu, nasoma nani kapiga mashuti mangapi ndani ya boksi. Yeye anaangalia mechi kwenye kibanda, mikono ina oili, halafu anasema, "Huyu dogo wa Chelsea wiki ijayo ana kitu." Na dogo anakuwa na kitu. Alimnunua Cole Palmer mapema kuliko sisi wote, bei ikiwa ya nyanya. Tangu Oktoba alikuwa wa kwanza kwenye ligi yetu. Mwishoni mwa Februari alikuwa amenizidi pointi 22, mimi wa pili.

Ndipo mama yake akazidiwa. Walimpeleka Mwanza, Bugando, na Fundi akaenda naye kwa sababu kaka yake mkubwa yuko machimboni na dada ana mtoto mchanga. Kabla ya kupanda gari aliuza simu yake. Alibaki na kitochi. Akanitumia ujumbe ambao bado ninao:

"Oya mwanangu. Simu nimeiuza. Nakutumia pasiwedi ya timu. Kapteni Haaland, msaidizi Son. Usiguse kitu mpaka nikae sawa nikupigie."

Pasiwedi ilikuwa jina la mama yake na namba nne.

Alipotuma ujumbe huo, raundi ya tano ya Kombe la FA ilikuwa haijachezwa. Hili ni la kiufundi lakini kesi yote imelala hapa. Robo fainali za kombe hilo zilipangwa wikiendi moja na wiki ya 29 ya ligi, na klabu yoyote itakayofika robo fainali mechi yake ya ligi ingeahirishwa. Raundi ya tano ilipokwisha, Manchester City walikuwa ndani, Liverpool ndani, Chelsea ndani, Manchester United, Newcastle na Wolves ndani. Arsenal hawakuwemo, lakini walikuwa wacheze na Chelsea, kwa hiyo na wao wakakosa mechi. Mechi sita kati ya kumi zikafutwa. Zikabaki nne tu: Burnley na Brentford, Luton na Nottingham Forest, Fulham na Tottenham, West Ham na Aston Villa.

Timu ya Fundi, kama timu ya mtu yeyote mwenye akili msimu ule, ilijaa watu wa City, Arsenal, Liverpool na Chelsea. Haaland, Saka, Palmer, wote wamekaa nyumbani. Kati ya wachezaji wake 15, wenye mechi walikuwa watatu: Son, beki mmoja wa Tottenham na kiungo mmoja wa West Ham.

Kwa wiki kama hiyo kuna karata inaitwa Free Hit. Msimu ule ulikuwa unaipata mara moja tu. Ukiibonyeza, unaruhusiwa kubadilisha kikosi chote kwa wiki hiyo moja bila gharama, na wiki inayofuata wachezaji wako wa zamani wanarudi wenyewe kama vile hakikutokea kitu. Mimi nilikuwa nimeitunza yangu. Fundi pia alikuwa nayo, haijaguswa.

Jumamosi ile mlango ulikuwa unafungwa saa kumi na nusu jioni. Saa tisa nilifungua timu yangu, nikabonyeza Free Hit, nikajaza watu wa Fulham na West Ham na Villa, nikaongeza Rodrigo Muniz, mshambuliaji wa Fulham ambaye bei yake ilikuwa ndogo na ambaye usiku ule aliwafunga Tottenham mabao mawili katika ushindi wa 3-0. Kisha nikatoka kwenye akaunti yangu. Nikaandika jina la mama yake na namba nne. Nikaiona timu yake: jezi nyingi, na chini ya jezi, mahali panapoandikwa jina la mpinzani, patupu. Karata ya Free Hit ilikuwa pale pembeni. Niliitazama. Chai ilikuja, nikanywa. Nikatoka kwenye akaunti yake.

Sikusahau. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu kuna watu wawili niliowasimulia hivyo, kwamba nilipitiwa.

Toleo la pili ninalolisimulia ni zuri zaidi, na kwa miezi kadhaa nililiamini mwenyewe. Linasema hivi: mtu yuko hospitali, mama yake amelala kitandani, analala chini kwenye korido na wenzake wanaouguza, halafu wewe umpigie kumuuliza habari za Free Hit? Una akili kweli? Kumwacha bila kumsumbua ndiyo adabu. Na zaidi ya hapo, alishasema mwenyewe: usiguse kitu. Niliheshimu neno lake.

Toleo hilo lina tatizo moja. Fundi alipiga simu Jumamosi ile, saa nne asubuhi.

Alikuwa ameshuka chini kununua maji. Aliniambia mama amekula uji nusu kikombe, kwamba daktari amesema kuna nafuu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi ana dakika tano za kuongea upuuzi. Akauliza, "Timu vipi?"

Nikasema, "Iko kama ulivyoiacha."

Akacheka, akasema, "Safi," salio likakata.

Kila neno katika jibu langu lilikuwa kweli. Nimelikagua mara nyingi kama mtu anayekagua noti, na ni la kweli.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam kukusanya data za tasnifu ya uzamili. Ninasoma maadili katika tiba. Tasnifu yangu, na hapa naomba msinicheke sana, inahusu ndugu wanaoamua kwa niaba ya mgonjwa asiyeweza kusema. Asubuhi nilikuwa napanda bodaboda kwenda Itilima au Maswa, nakaa kwenye kigoda uani kwa watu, nawauliza: ulijuaje angetaka nini? Jioni narudi, naingia kwenye akaunti ya mtu asiyeweza kuona timu yake.

Vitabuni, anayeamua kwa ajili ya mwingine huelezwa njia mbili. Ya kwanza ni kujaribu kuamua kama yeye mwenyewe angeamua, angekuwa anaona unachokiona. Ya pili, ikiwa hujui angetaka nini, ni kufuata kilicho na manufaa kwake. Hata mgonjwa akiacha maagizo ya maandishi, swali linabaki: alipoyaandika, alikuwa anaijua hali hii? Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne juu ya swali hilo kwa ajili ya msimamizi wangu. Mama mmoja wa Itilima alinijibu kwa sentensi tatu. Mumewe alipopoteza fahamu alikuwa ameshamwambia asiuze ng'ombe hata mmoja. "Nikauza wawili," aliniambia. "Akatibiwa. Mpaka leo hajanisamehe, lakini yule pale anakula muwa." Nikageuka, nikamwona kweli mzee anakula muwa, amenikazia macho kama vile mimi ndiye niliyenunua.

Yule mama aligusa. Mimi sikugusa. Na kwenye karatasi yangu ya mahojiano nilimwekea alama kwamba ameamua kinyume na maagizo.

Kuna kisa ambacho kila anayesoma fani yangu anapewa mwaka wa kwanza. Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Marekani, James Rachels, aliandika makala fupi katika jarida la madaktari, na ndani yake akaweka wanaume wawili. Kila mmoja atarithi mali nyingi binamu yake, mtoto wa miaka sita, akifa. Wa kwanza anaingia bafuni mtoto anapooga, anamzamisha. Wa pili anaingia na nia hiyohiyo, lakini kabla hajafanya kitu mtoto anateleza, anajigonga kichwa, uso unaingia kwenye maji. Yule mtu anasimama tu, anatazama, yuko tayari kumsukuma tena kichwa chini ikihitajika. Haikuhitajika. Rachels anauliza: huyu wa pili ni bora kuliko wa kwanza, kwa kuwa yeye hakufanya kitu?

Darasani tulijibu kwa sauti moja kwamba hapana, si bora. Tulikuwa wepesi mno kujibu. Nadhani ni kwa sababu bafu ni mbali na hakuna kati yetu mwenye binamu mwenye mali. Nikija kulinganisha, kosa langu ni dogo kiasi cha kuchekesha, hakuna aliyezama. Lakini Rachels alimchora mtu mkatili ili asitusumbue. Mtu wa kweli anayesimama pale mlangoni huwa na sababu nzuri mkononi. Anasema, mtoto alisema anataka kuoga peke yake.

Nilipomsimulia mwenzangu mmoja wa darasani, alinitetea. Alisema, "Wewe ulikuwa mpinzani wake bwana. Tangu lini mpinzani anamwambia mwenzake funga goli lako?" Kuna ukweli hapo. Ndani ya mchezo nina haki kabisa ya kutamani Fundi aanguke. Haki hiyo ndiyo inayoufanya uwe mchezo. Kama timu angekuwa nayo mwenyewe, akasahau kuhusu wiki ya 29, mimi ningenyamaza, ningecheka hadi Jumatatu, na yeye angecheka pia baada ya kutukana kidogo.

Ila timu hakuwa nayo. Alinipa mimi, na mimi nilikubali. Ningeweza kumwambia mpe muuguzi wa Maswa, mimi na wewe tunafukuzana. Sikusema hivyo, na nikichimba kwa nini, nakuta vitu viwili vimelala pamoja. Kimoja ni kwamba nilifurahi kuaminiwa. Kingine ni kwamba kwenye fantasi huwezi kuona kikosi cha mwenzako mpaka mlango ufungwe, na mimi sasa ningekuwa naona cha kwake kabla. Sikuwahi kukitumia kwa namna yoyote ninayoikumbuka. Lakini nilikipenda.

Babu yangu alikuwa na ng'ombe wachache wake na wengi wa watu. Ndivyo ilivyokuwa, na kuna mahali bado iko hivyo: mwenye mifugo mingi anampa mwingine amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa, anapata samadi, na ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo ushahidi kwamba hukuuza, hukuchinja ukala harusini. Nikiwa mdogo nilimwona babu anafunga ngozi mbichi nyuma ya baiskeli, inzi wanamfuata, anaenda kuonesha. Nilimuuliza mwenyewe akiiona ngozi anasemaje. Alisema, "Anaiangalia ngozi kidogo. Halafu ananiangalia mimi sana."

Kila wiki baada ya mlango kufungwa nilikuwa napiga skrinishoti ya timu ya Fundi, naihifadhi. Kapteni Haaland, msaidizi Son, hakuna kilichoguswa. Nilijiambia ni kwa ajili ya kumbukumbu. Ya wiki ya 29 nayo niliipiga, na imekaa kwenye simu yangu na tarehe yake na saa yake, ngozi nzima, haina tobo.

Fundi alirudi na mama yake wiki moja baada ya Pasaka. Alikonda, lakini mama alikuwa anatembea kwa fimbo kutoka chumbani hadi kivulini. Sikumwambia. Aliuliza tuko wapi, nikasema ameshuka hadi wa pili, zile mechi zilizoahirishwa zilimuumiza. Akasema, "Zilimuumiza kila mtu nafikiri." Nikasema ndiyo. Hilo sasa lilikuwa uongo, wa kwanza kabisa, na ulitoka laini kwa kuwa njia ilikuwa imeshalainishwa.

Kwa kuwa bado alikuwa na kitochi, aliendelea kunitumia maagizo kwa ujumbe, na mimi nikawa mtumishi mwema kupita kiasi. Kila Ijumaa nilimsomea taarifa za majeruhi kwa simu, bando na salio langu. Nilimshauri. Aprili 15 Palmer alipowafunga Everton mabao manne peke yake, tulikuwa wote kibandani, Fundi ananigonga mgongo kila goli linapoingia. Yeye alimweka Palmer kapteni, mimi sikumweka. Usiku ule nilimshangilia kwa nguvu kuliko mtu yeyote mle ndani, na nilikuwa nashangilia kweli. Nilitaka anipite. Angenipita, jambo lile lingejifuta lenyewe.

Hakunipita. Mei 19 ligi ilipokwisha, nilikuwa nimemzidi pointi 11.

Hapa ndipo hesabu inaposhindwa kunisaidia. Wiki ya 29 nilimzidi pointi 47. Ukitaka unaweza kusema 11 ni ndogo kuliko 47, kwa hiyo angekuwa bingwa, kesi imekwisha. Lakini angefanya nini na ile Free Hit? Pengine angesema asiitumie, aitunze. Pengine angeijaza watu wa Tottenham, ambao walifungwa tatu, akaishia na pointi 20. Kwa jinsi ninavyomjua angesema kuna dogo fulani wa Fulham ana kitu. Lakini sijui, na kutokujua huko mwanzoni kulinifariji sana: hasara isiyo na namba ni kama haipo. Baadaye nikaona ni kinyume chake. Nilichomnyima ni ile dakika ya kuchagua, hata kuchagua vibaya. Hakuna jedwali la pointi ninaloweza kulifungua nikaisoma dakika hiyo.

Siku ya kukabidhiana tulikula nyama, muuguzi akanihesabia 150,000 mbele ya watu, Fundi akapewa 60,000. Alinyanyua soda yake juu, akasema mbele ya wote, "Bila huyu mwanangu timu yangu ingekufa Februari." Watu wakapiga makofi. Mwalimu wa Itilima akapiga picha. Kwenye picha ile natabasamu vizuri tu.

Kesho yake nilipita kwao kuaga, narudi Dar. Mama yake alikuwa kivulini. Nikapiga goti kumsalimia, akanishika kichwa, akasema mwanawe amemwambia jinsi nilivyomshikia mambo yake wakati yeye anaumwa. "Wabeja, ng'wanone." Akamwita binti wa ndani alete mfuko. Ulikuwa michembe, imekaushwa vizuri, kilo mbili labda, zimefungwa kwa kitambaa cha khanga. Nilifika nayo Dar. Wenzangu wa hosteli waliichemsha wakala, wakasema ni tamu, wakauliza mbona mimi sili.

Mwezi Julai, hela za pamba zikiwa zimeanza kuzunguka mjini, watu wanatengeneza pikipiki, Fundi akanunua simu. Nilijua siku hiyohiyo kwa sababu alama ya kijani ilitokea kwenye jina lake. Jioni akaniandikia kuhusu mambo mengine, mama, mvua, nani kaoa. Halafu: "Nimeingia kwenye timu nikaangalia historia ya msimu." Niliona kwamba bado anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Ujumbe uliofuata ulisema, "Ulifanya kama nilivyokwambia."

Nimeusoma ujumbe huo kwa sauti zote ninazoweza kuzitoa. Kama shukrani, kama hukumu, kama mtu anayenisaidia kutoka. Haina alama ya swali. Inaweza kuwa ni sentensi tu.

Nilikaa nayo siku tatu, kisha nikamtumia 90,000 kwa M-Pesa, ile tofauti ya wa kwanza na wa pili, ingawa nimeshaeleza hapo juu kwamba sina uhakika ni namba sahihi. Sikuandika maelezo yoyote. Baada ya dakika chache akajibu, "Ya nini hii?"

Nimeandika majibu manne. La kwanza lilikuwa refu, lenye Kombe la FA ndani yake, nikalifuta. La pili lilikuwa utani. La tatu lilisema "ya mama", nikaona aibu hata kidole hakijafika kwenye kitufe cha kutuma. La nne lilikuwa neno moja, na hilo limekaa pale kwenye kisanduku cha kuandikia, halijatumwa, na kila nikifungua mazungumzo yetu naliona.

Agosti alinitumia namba ya kuingia kwenye ligi ya msimu mpya. Nimeingia. Tunatukanana kama kawaida, wiki ya tatu alinifunga vibaya sana. Mara mojamoja, baada ya habari nyingine zote, bila kuulizwa, huwa anaongeza mstari mmoja mwishoni:

"Hela yako ipo. Sijaigusa."